Kushindwa Bila ya Kushindwa: Huruma ya Kibudha na Msamiati wa Kushindwa Kisiasa katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Asiyekubali kushindwa si mshindani" husikika nchini Tanzania kila baada ya uchaguzi. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, methali hii imetamkwa katika mikutano ya hadhara, redioni na katika kumbi za kuhesabia kura. Hata hivyo, jambo moja kuhusu matumizi yake halijazingatiwa vya kutosha, nalo ni msemaji. Ni nadra kuisikia kinywani mwa mtu aliyeshindwa. Mara nyingi huisema aliyeshinda, au mtu wa upande wake, akimwelekezea aliyeshindwa. Methali ambayo kwa maana yake ni wasia wa mtu kwa nafsi yake imegeuka, kwa matumizi yake, kuwa amri ya mtu kwa mwenzake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza msamiati ambao Kiswahili humpa mtu aliyeshindwa katika siasa, na kuulinganisha na mafundisho ya Kibudha kuhusu huruma. Huenda msomaji akauliza, kwa nini Ubudha? Wabudha ni wachache sana miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Jijini Dar es Salaam lipo hekalu lao katika eneo la Upanga, ambalo asili yake ni wahamiaji wa Kisinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Na huko Uganda, mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo mwaka 2005. Zaidi ya hayo mifano ni michache. Sababu ya kuuchagua ni ya kiisimu. Ubudha umegawanya kwa makini hali za moyo ambazo sisi, katika mazungumzo ya uchaguzi, tumezoea kuzifunga zote katika neno moja la "kukubali". Kioo kinachotoka mbali wakati mwingine huonyesha uso vizuri zaidi.

Si kwamba Ubudha una kinga dhidi ya uovu wa kisiasa. Mwaka 2017, zaidi ya Warohingya 700,000 walifukuzwa Myanmar, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wabudha, na baadhi ya watawa walikuwa wamehubiri chuki dhidi yao waziwazi. Tunachokitumia hapa ni mafundisho, na mafundisho hayafanyi kazi yenyewe pasipo watu.

Kiwango cha siasa tunachokifikiria zaidi ni cha chini: udiwani na uenyekiti wa mtaa katika mahali kama Sofu, kata iliyoko Kibaha, kwenye ardhi ya Wazaramo inayoendelea hadi Kisarawe. Mgombea urais akishindwa anaweza kuondoka nchini. Mgombea udiwani wa Sofu akishindwa hana pa kwenda; kesho yake atakutana na aliyemshinda msikitini au kanisani, dukani na, bila shaka, msibani.

2.0 Kitenzi "kushindwa" na utata wake

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiko tatizo linakoanzia. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Mgombea ameshindwa na mwenzake.
(2) Mgombea ameshindwa kujaza fomu.
(3) Mgombea ameshindwa.

Katika (1), kitenzi ni kauli ya kutendwa iliyo kamili: yuko mtenda, anayetambulishwa kwa kihusishi "na", na yuko mtendwa. Katika (2), mtenda hayupo wala hawezi kuingizwa. Kitenzi kimekwisha hama kutoka maana ya kuzidiwa nguvu hadi maana ya kutoweza. Sentensi ya (3) ndiyo itumiwayo zaidi katika vichwa vya habari na katika mazungumzo ya barazani, nayo hubeba maana zote mbili kwa pamoja. Mtu aliyepata kura 400 dhidi ya 450 za mpinzani wake anaelezwa kwa neno lile lile linalomweleza mtu asiyeweza kuinua gunia. Lugha, pasipo kukusudia, imemwongezea aliyeshindwa hasara ya pili: kwanza amekosa kiti, halafu amekuwa mtu asiyeweza.

Msamiati wa ushindi nao haumsaidii. Mshindi "humbwaga", "humwangusha" au "humgaragaza" mwenzake, yaani uchaguzi hupewa sura ya mieleka, ambamo mwili wa mtu mmoja hulala chini na wa mwingine husimama juu yake. Ushindi mkubwa huitwa "wa kishindo", na kishindo ni sauti ya kitu kizito kinachoanguka. Anayesherehekea kishindo anasherehekea, kwa neno lake mwenyewe, anguko la mtu.

Dhidi ya hayo yote, wasemaji wa Tanzania wamejitungia kauli moja ambayo tunaiona kuwa ya hekima kuliko inavyodhaniwa:

(4) Kura hazikutosha.

Mara nyingi kauli hii husemwa kwa utani, na wapo wanaoidharau kwa kuiona kuwa ni kificho cha aibu. Lakini tuichunguze kisarufi. Kiima chake si mtu. Hakuna aliyebwagwa wala asiyeweza. Kilichopungua ni kura, na kura zinahesabika, zinaweza kupungua leo na kuongezeka baada ya miaka mitano. Hapa tayari tumekaribia mojawapo ya misingi ya Ubudha, ule unaoitwa anata kwa Kipali, unaokataa kwamba jambo lolote linalompata mtu, liwe cheo au fedheha, ndilo nafsi yake. Wala kauli hii haimfungi mtu mdomo: mwenye kusema kwamba kura hazikutosha bado anaweza kuuliza zilihesabiwa vipi.

3.0 Hali nne na majina yake

Mafundisho ya Kibudha hutaja hali nne za moyo ambazo mtu hupaswa kuzikuza kwa watu wote, wakiwemo mahasimu zake. Kwa Kipali zinaitwa meta, karuna, mudita na upeka. Ya kwanza haitusumbui. Ni kumtakia mtu heri, na Kiswahili kina "upendo" na "wema". Tatu zilizobaki zinahitaji mjadala.

Karuna kwa kawaida itafsiriwe "huruma", na sisi hatuna pingamizi. Ila katika Kiswahili huruma ina mwelekeo: huteremka. Mwenye nguvu humhurumia mnyonge, tajiri humhurumia maskini, mzazi mtoto. Baada ya uchaguzi, basi, anayetarajiwa kuhurumiwa ni aliyeshindwa, na wengi hukataa kuhurumiwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kupokea huruma ni kukiri uduni. Karuna haina mteremko wa namna hiyo. Mtu aliyedhulumiwa anaweza kumwonea huruma aliyemdhulumu, akiona hofu inayomfanya ang'ang'anie kiti, na mzigo wa ahadi atakaoshindwa kuutua. Ndiyo kusema huruma inaweza kupanda. Kwa msemaji wa Kiswahili hili ni geni kidogo masikioni, ingawa si geni katika maisha: kila mama aliyemwombea dua mwanawe aliyemtukana analifahamu.

Mudita ni kufurahia heri ya mwingine. Hapa Kiswahili kinatuacha njiani. Kwa upande wa kinyume chake tuna utajiri wa kutisha: husuda, kijicho, wivu, gere, choyo, kila moja na kivuli chake cha maana. Kwa hali yenyewe hatuna jina moja. Tunacho kitendo, "kupongeza", na salamu ya "hongera", lakini kitendo si hali; mtu huweza kupongeza huku kijicho kikimla. Pengo hili lisichukuliwe kuwa ni ushahidi kwamba Waswahili hawaijui furaha hiyo, maana lugha hazitaji kila kinachojulikana. Hata hivyo mwalimu anayeeleza dhana hii darasani hulazimika kutumia maelezo, kama vile "furaha ya heri ya mwenzio", na tunapendekeza maelezo hayo yatumike hadi wasemaji wenyewe watakapozaa neno. Tuseme pia kwamba mudita haimtaki mtu kufurahia kila kinachoitwa ushindi. Inayofurahiwa ni heri. Ushindi uliopatikana kwa wizi si heri hata kwa aliyeupata.

Upeka ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya. Ni utulivu wa mtu asiyepeperushwa na sifa wala lawama, faida wala hasara. Mfasiri atavutwa na "subira", "stahamala", "uvumilivu" na "kuridhika". Kila moja lina kasoro yake, kwa kuwa yote humfikiria mtu anayebeba jambo zito na kungoja liishe, ilhali mwenye upeka si lazima awe anangoja chochote. Tunapendelea "utulivu wa moyo".

Mchango mkubwa zaidi kwa mada yetu unatoka kwa Buddhaghosa, mwanazuoni aliyefanya kazi Sri Lanka katika karne ya 5. Katika kitabu chake Visuddhimagga anafafanua kwamba kila mojawapo ya hali hizi ina maadui wawili. Adui wa mbali ni kinyume chake kilicho wazi, mfano ukatili kwa huruma. Adui wa karibu ni kile kinachofanana nayo hata kikaweza kuingia ndani bila kutambuliwa. Adui wa karibu wa huruma ni majonzi, yaani mtu kuzama katika huzuni hadi asiweze kumfaa yeyote. Adui wa karibu wa utulivu ni kutojali kwa mtu asiyeelewa. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na sijui maelezo bora ya adui wa karibu kuliko hayo.

Tukirejea sasa kwa methali ya utangulizi, tunaweza kueleza ilipoharibikia. "Kukubali kushindwa" kunakodaiwa na mshindi kwa kawaida ni adui wa karibu wa utulivu: nyamaza, nenda nyumbani, usijali. Ndivyo ilivyo pia kwa methali ya "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Ikisemwa na aliyeumizwa, ni huruma inayopanda. Ikisemwa na aliyeumiza, ni deni linalokimbiwa.

4.0 Ubudha wa kujihusisha

Dhana ya pili tunayoihitaji ni ile iliyoenezwa na mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita nchini mwake, yeye na wenzake waliwapeleka vijana vijijini kujenga upya nyumba zilizobomolewa, kufundisha na kutibu. Aliondoka nchini mwaka 1966 kutetea amani, akazuiwa kurudi kwa takriban miaka 40. Fundisho lake lilikuwa kwamba mtawa anayesikia mabomu hawezi kuendelea kukaa katika tafakuri kana kwamba hasikii. Tafakuri yenyewe humtoa nje kwenda kusaidia.

Tuuiteje Ubudha huu? "Ubudha wa kushiriki" ungekuwa mwepesi, lakini kwa masikio ya pwani mzizi huo uko jirani mno na "shirki" na "ushirikina", na jina lingezaa mzaha kabla ya kuzaa maana. "Kujishughulisha" nako kunaibua "shughuli", ambayo kwa Mzaramo yeyote ni ngoma na pilau. Tunatumia "Ubudha wa kujihusisha".

Mfano ulio karibu zaidi na uchaguzi ni wa B. R. Ambedkar wa India, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa. Aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya nchi yake, akawa Waziri wa Sheria, akajiuzulu mwaka 1951 baada ya muswada wake wa kurekebisha sheria za ndoa na mirathi kukwamishwa. Aligombea ubunge Bombay mwaka 1952, akashindwa. Akagombea tena Bhandara mwaka 1954, akashindwa. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha hadharani pamoja na mamia ya maelfu ya watu, akafariki Desemba mwaka huo huo. Kura hazikutosha mara mbili. Lakini hakuna anayeweza kusema juu yake sentensi ya (3) kwa maana yake ya pili.

5.0 Zanzibar: kauli ya kutendana

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mfano wenye uzito kuliko yote ni wa Maalim Seif Sharif Hamad. Hakuwa Mbudha, alikuwa Mwislamu wa Pemba, na msamiati wake ulikuwa wa subira na suluhu. Tunamtazama kwa sababu maisha yake yalikuwa mfululizo wa kushindwa kulikopingwa. Aliondolewa katika wadhifa wa Waziri Kiongozi na kufukuzwa CCM mwaka 1988, akawekwa kizuizini mwaka uliofuata hadi 1991. Mwaka 1995 matokeo rasmi ya urais wa Zanzibar yalimpa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, maandamano ya Januari 26 na 27, 2001 yaliishia kwa mauaji, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Katika vijiji vya Pemba watu walisusiana kwa sababu ya chama: madukani, arusini, na hata mazishini.

Miafaka ilitiwa saini mwaka 1999 na 2001. Kilichobadilisha hali, hata hivyo, ni mkutano wa tarehe 5 Novemba 2009 baina ya Seif na Rais Amani Abeid Karume, uliozaa kile kilichoitwa "maridhiano". Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4. Oktoba mwaka huo Seif alishindwa tena, kwa asilimia 49.1 dhidi ya 50.1 za Ali Mohamed Shein; safari hii alikubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Neno "maridhiano" linastahili kuangaliwa kwa jicho la mwanaisimu. Kutokana na "ridhi" tunapata "ridhaa", ambayo mtu mmoja anaweza kuitoa au hata kulazimishwa kuitoa. Tukiongeza kiambishi cha kutendana tunapata "ridhiana", na hapo sarufi yenyewe inadai watu wawili. Mtu hawezi kuridhiana peke yake, kama asivyoweza kupigana peke yake. "Kukubali matokeo" ni kitenzi cha upande mmoja. "Kuridhiana" kinamdai mshindi nacho. Ndiyo maana makubaliano ya 2010 yalikuwa na uzito ambao methali ya washindi haijawahi kuwa nao.

Ndiyo maana pia yaliweza kuvunjika. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kufuta uchaguzi. CUF, chama cha Seif, kilisusia marudio ya tarehe 20 Machi 2016, na kususiana kukarudi vijijini. Wapo waliomlaumu Seif kwa kutokubali. Kwa maoni yetu lawama hiyo inachanganya utulivu na adui wake wa karibu. Huruma haimtaki mtu aseme kwamba jambo lisilo haki ni haki. Inamtaka asimchukie anayelitenda. Ni kweli kwamba kitenzi "kususa" kina sura ya kitoto, ya mtoto aliyekataa chakula, na mshindi hufurahi kukitumia: ukisusa, wenzio wala. Lakini hilo ni tatizo la kitenzi.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, ambao alipewa asilimia 19.87 na ambao chama chake kipya, ACT-Wazalendo, kilikataa kuutambua kuwa wa haki, Seif alikubali mwezi Desemba kuingia tena serikalini chini ya Rais Hussein Mwinyi. Wengi wa wafuasi wake waliumia. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, wiki chache tu baadaye. Je, huu wa mwisho ulikuwa utulivu wa moyo au uchovu? Swali hilo halijibiwi kwa kutazama kitendo, maana adui wa karibu hufanana na mwenye nyumba. Tunachoweza kusema ni kwamba aliingia pasipo kusema kwamba alishindwa kwa haki, na hayo mawili aliyaweka mbalimbali hadi mwisho.

Ulinganisho na Zuberi Mtemvu unafaa hapa, ingawa kwa ufupi. Katika uchaguzi wa urais wa Tanganyika wa mwaka 1962 alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Julius Nyerere, na baadaye akarudi TANU aliyokuwa ameihama mwaka 1958. Lakini nchi ilikuwa inaelekea mfumo wa chama kimoja, uliowekwa kisheria mwaka 1965. Pale ambapo mlango umebaki mmoja, ni vigumu kumsoma mtu kwa mlango aliopita.

6.0 Msiba na utani

Turejee Sofu. Hoja yetu haihitaji Wazaramo wasome Kipali, kwa sababu wanayo asasi inayofanya sehemu kubwa ya kazi hii, nayo ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wapo wanaouhusisha utani huo na misafara ya karne ya 19 iliyopita Uzaramo ikielekea bara na kudaiwa hongo njiani. Kuhusu asili ya utani kwa jumla wataalamu hawaafikiani, wengine wakisema ni vita vilivyokwisha, wengine biashara. Kwa vyovyote vile, ni uhusiano wa watu waliowahi kuwa na sababu ya kudhuriana wakaugeuza uwezo huo kuwa ruhusa ya kusema.

Ruhusa hiyo huonekana zaidi msibani. Mtani huweza kuzuia jeneza akidai malipo, kumwigiza marehemu, kutaja ubahili wake mbele ya wafiwa, na hakuna anayekasirika. Wakati huo huo ni yeye anayechota maji na kushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Kwa maneno ya sehemu ya tatu ya makala haya, mtani ana huruma isiyo na majonzi na utulivu usio na kutojali, tena haachi kusema ukweli. Kama kuna Ubudha wa kujihusisha uliopata uraia Uzaramo, umo humo.

Inafaa mtafiti wa pragmatiki aende Kibaha wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, akaandike nani anamwambia nani methali ipi, na lini. Kisha afuatilie mazishi ya mwaka mmoja baada ya hapo, aone nani amemzika nani. Kuna dalili moja ya kuanzia. Magazeti yetu huziita timu za Simba na Yanga "watani wa jadi". Shabiki wa timu iliyofungwa huenda kazini Jumatatu akijua kwamba atasimangwa, akasimangwa, akanunuliwa chai, akajibu mapigo msimu ujao. Wala hakuna anayemwambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Vyama vya siasa magazeti hayo hayo huviita "mahasimu".